UMEME UMEKATIKA SI JIBU LA HESABU

*Taarifa ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wote, Madibira*



Wiki hii kundi letu limechafuka kwa maneno kuhusu lile ghala ambalo seva yake ilizima katikati ya kupokea mpunga. Ilipowashwa kanzidata haikufunguka, na nakala ya mwisho ilikuwa ya siku 9 nyuma. Silitaji, wenyewe mnalijua. Wakulima walipokwenda kuulizia magunia yao walijibiwa maneno mawili tu: umeme ulikatika. Na humu ndani wapo wanachama, tena wajumbe wa kamati, walioandika kwamba jibu hilo linatosha kwa kuwa umeme si mali ya mwenye ghala.

Halitoshi. Gunia ni mali ya mkulima. Aliyelipokea amelipokea kwa dhamana, na dhamana haiishi taa zikizimika. Nimesoma uhasibu, na sijaona popote panaporuhusu kufuta deni kwa sababu ya giza. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika majina na namba za simu za watu azilinde zisipotee. Hakuna iliyosema "isipokuwa umeme ukikatika".

Wazee wa hapa wanakumbuka miaka ya 1990. Mgao ulipolibana taifa, vidole vilielekezwa Usangu: eti tunanywesha mpunga, ndiyo maana Mtera imekauka. Ni kweli maji ya Ndembera yakitoka kwetu huingia Ihefu, yakafuata Ruaha Mkuu hadi Mtera yenye megawati 80, kisha Kidatu yenye 204. Lakini watafiti waliolichunguza bonde baadaye walieleza kwamba uendeshaji wa mabwawa yenyewe nao ulichangia. Wakati ule mkulima alibebeshwa lawama ya giza. Leo anabebeshwa hasara yake. Tawi hili, ambalo wanachama wake wengi wanalima jaruba, haliwezi kukubali mara ya pili.

Kuna anayesema tusubiri, bwawa la Nyerere limekamilika. Ni kweli mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja inafanya 2,115, na ni jambo la kujivunia. Ila megawati za Rufiji haziuzuii mti kuangukia waya wakati wa masika. Na gridi nzima inaweza kuzima, kama ilivyozima Aprili 1, 2024, Jumatatu ya Pasaka, wakati mtambo wa kwanza wa bwawa hilo hilo ulikwishaanza kuzalisha. Anayeweka seva ghalani aipange kwa umeme alionao leo.

Wengine wanataka turudi kwenye daftari. Daftari halizimiki, nakubali, lakini ukurasa unachanika, na kalamu iliyoandika 40 inaweza kuandika 14 kesho yake, mkulima akiwa shambani. Stakabadhi ya karatasi yenye nakala mbili ibaki, moja kwa mkulima. Hiyo siibishanii.

Wapo pia wanaosema tuache kabisa seva zetu, tulipie mfumo wa kampuni za mjini kila mwezi, kila kitu kikae kwenye intaneti. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku kama hiyo mizani ingepima na karani asingekuwa na pa kuandika. Na umeme ukikatika muda mrefu, hata mnara wa simu huchoka betri zake. Seva iliyo ghalani inaongea na kompyuta ya mizani kwa ruta ya humo humo, haihitaji bando. Nakala iende mjini kila jioni, iliyofungwa kwa nywila, sawa. Lakini daftari mama libaki hapa, mikononi mwa watu tunaowajua nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo visingizio vinapokwisha. Mwenye ghala aliniambia ana jenereta, kwa hiyo amefanya yote. Jenereta haimzuii kompyuta kuzima! Hadi mtu aivute kamba, sekunde 30 zimepita, na kompyuta ilizima sekunde ile ile ya kwanza, ikiwa nusu ya kuandika. Hapo ndipo kanzidata inapovunjika. Mara nyingi umeme hurudi, ukakatika tena, ukarudi na nguvu kubwa, mara tatu ndani ya dakika chache, na kila mara mashine inajaribu kuwaka. Kati ya waya wa nje na seva lazima kuwe na betri isiyosubiri mtu.

Kompyuta ya mezani na kioo chake inaweza kula wati 150. Kompyuta mpakato ya zamani inafanya kazi hiyo hiyo ya ghala kwa wati 30, na ruta 10, jumla 40. Chukua betri moja ya sola ya volti 12, amperi-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, utaiua mapema, kwa hiyo una 600. Inveta inakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Gawa kwa 150: saa 3 na dakika chache. Gawa kwa 40: zaidi ya saa 12. Betri ni ile ile. Paneli moja ya wati 200, kwa jua la saa 5, inatoa wati-saa 1,000 kabla ya upotevu, na jua la Madibira mnalijua. Betri ya gari msinunue kwa kazi hii, imeundwa kuwasha injini tu. Printa ya leza nayo isiunganishwe kwenye betri, ikianza kuchapa inavuta mamia ya wati kwa mpigo.

Wenye UPS nao nimewakuta na jambo moja: ule waya mwembamba wa USB bado uko kwenye boksi. Ndio unaoiambia seva kwamba umeme umekwenda na chaji inapungua, ili ijifunge yenyewe kwa utaratibu kabla ya kuzimika. Bila waya huo umenunua dakika 10 za kuchelewesha ajali. Uunganisheni, muweke ijifunge chaji ikibaki asilimia 30. Betri ya ndani ya UPS nayo huchoka, na joto la ghala la mabati huiwahisha. Mjaribu kila mwezi kwa kuchomoa plagi makusudi, ghala likiwa halina kazi. Nakala za kila siku ziwe mbili, moja kwenye flashi inayolala nje ya ghala, na mara kwa mara mjaribu kuifungua muone kama inafunguka.

Msimamo wa kamati ya tawi, uliopitishwa juzi kwa wingi wa kura, ni huu. Mwanachama yeyote mwenye ghala au mashine ya kukoboa atakayepoteza hesabu za wakulima akasingizia umeme, tawi halitasimama upande wake, awe na cheo chochote. Wakulima wa ghala lile walipwe kwa stakabadhi walizonazo mkononi. Asiye na stakabadhi asikilizwe mbele ya majirani zake wa jaruba na vibarua waliopakua.

Kikao ni Jumapili saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Wenye maghala waje na daftari la stakabadhi na flashi ya nakala ya Jumamosi. Tutaifungua hapo hapo kwenye kompyuta ya tawi, na betri ninayo.

Katibu wa Tawi