Gesi Isiyonuka na Ndugu Zetu wa Besimenti

Haya jamani, leo tuongee habari za gesi. Si ile ya Mtwara wala ile ya kupikia. Hii inaitwa radoni, na naiandika hapa kwa sababu gazetini imegonga mwamba. Mhariri alisoma aya mbili, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Hii inamhusu nani hapa Bongo?" Swali zuri. Jibu langu halikumridhisha, basi nalitoa hapa kwa nafasi.

Inamhusu mama wa Kimara ambaye mwanawe yuko Minnesota. Wabeba boksi wetu wengi, Watanzania na Wakenya, wakifika kule huanzia besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi. Kodi yake nafuu, na ukichangia na wenzako watatu unabakiza cha kutuma nyumbani. Anayefanya kazi za usiku analala mchana kutwa hukohuko chini, madirisha yamefungwa kwa sababu nje kuna theluji. Sasa basi, radoni nayo makazi yake ni hapohapo.

Kwenye udongo na miamba kuna urani kidogo karibu kila mahali duniani. Urani ikichakaa inazaa radiamu, radiamu inazaa radoni, na radoni ni gesi, haikai ardhini. Inapenya kwenye nyufa za sakafu, pembeni mwa mabomba, popote penye upenyo. Nje inapeperuka na haina neno. Ndani ya nyumba iliyofungwa inajikusanya. Wakati wa baridi mambo huwa mabaya zaidi: hewa ya moto inapanda juu, na nyumba inafyonza hewa ya udongoni kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ukiivuta, chembe zake zinabaki mapafuni zikitoa mionzi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kuwa radoni inaua watu 21,000 kwa mwaka nchini humo kwa saratani ya mapafu. Kati yao kama 2,900 hawakuwahi kuvuta sigara. Na kwa mvutaji hatari ni kubwa zaidi.

Wamarekani wenyewe walizinduka kwa kituko. Desemba 1984, mhandisi mmoja aitwaye Stanley Watras alikuwa kazini kwenye kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, na mashine za kukagua mionzi zikawa zinampigia kelele. Kichekesho ni kwamba kituo kilikuwa bado kinajengwa. Mionzi hakuitoa kazini, alitoka nayo nyumbani! Walipopima nyumba yake walikuta radoni kama pikokyuri 2,700 kwa lita moja ya hewa. Kiwango ambacho EPA inasema ukikifikia rekebisha nyumba ni 4. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza mwaka 2009 kiwango cha chini zaidi, bekereli 100 kwa mita ya ujazo, ambazo ni kama pikokyuri 2.7. Familia ya Watras ilihama, nyumba ikarekebishwa, wakarudi kuishi humohumo. Kama nyumba ile iliwezekana, hakuna ya kushindikana.

Minnesota ni moja ya majimbo yenye tatizo kubwa. Idara yao ya afya inasema nyumba mbili katika kila tano zina radoni ya juu. Jimbo la jirani, Iowa, ni kama saba katika kila kumi.

Kupima si kazi ya profesa. Kuna kikopo kidogo chenye mkaa maalumu ndani, bei yake haifiki dola 50. Unafunga madirisha saa 12 kabla, unakiweka kwenye chumba cha chini kabisa ambamo watu wanaishi, si jikoni wala bafuni, juu kidogo ya sakafu kama nusu mita. Unakiacha siku mbili hadi saba, unakifunga, unakipeleka posta kwenda maabara. Basi. Rafiki yangu tuliyesoma wote Mlimani alifanya hivyo besimenti kwake Minneapolis, akapata 6.8. Akaniandikia: "Bro, nimelala humu miaka mitatu."

Hapa ndipo ninapotaka kubishana na watu. Dawa yake inajulikana. Bomba la plastiki linatobozwa sakafuni mpaka udongoni, linapandishwa hadi juu ya paa, na feni ndogo inanyonya gesi usiku na mchana kabla haijaingia ndani. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi. Fundi atataka dola elfu moja na kitu, pengine elfu mbili. Lakini mpangaji hawezi kutoboa sakafu ya mtu, anayeweza ni mwenye nyumba. Sheria ya Minnesota iliyoanza 2014 inamtaka anayeuza nyumba amweleze mnunuzi habari za radoni. Sawa, lakini mbeba boksi hanunui, anapanga. Kwa maoni yangu sheria imemlinda mwenye fedha ya kununua ikamruka anayelala chini. Illinois walisogea hatua moja, tangu 2024 mwenye nyumba anatakiwa kumpa mpangaji taarifa za radoni. Vyama vyetu vya kule, vinavyojua sana kuandaa nyama choma za Uhuru, vingeweza kuchangishana vipimo na kumwandikia mwenye nyumba barua moja yenye sahihi nyingi. Mtu mmoja akilalamika anaogopa kufukuzwa.

Na huku nyumbani? Tusitishane. Nyumba ya madirisha wazi na upepo wa Pwani haikusanyi gesi kirahisi. Lakini Kwale, kule Kenya, kuna mlima Mrima wenye udongo uliojaa thoriamu, ambayo nayo ina radoni yake. Hiyo nusu yake huisha kabla ya dakika moja, kwa hiyo kwenye nyumba ya udongo huo inatoka zaidi ukutani. Kwetu kuna urani Bahi, jirani na Dodoma tunakojenga kwa kasi nyumba za vioo na kiyoyozi, madirisha hayafunguliwi. Tume yetu ya Nguvu za Atomu ipo Arusha, na wataalamu wa mionzi tunao. Mimi ningependa kuona vipimo vya vyumba vya kulala vya Bahi na Manyoni vimebandikwa kwenye ofisi za vijiji, kwa Kiswahili.

Kwa walioko Marekani: kila Januari huwa ni mwezi wa kampeni ya radoni, na baadhi ya idara za afya hugawa vipimo bure au kwa bei poa. Rafiki yangu amempelekea mwenye nyumba karatasi ya maabara. Bado anasubiri jibu, na kitanda amekihamishia sebuleni, ghorofa ya juu, kwa wenzake.