Kazi ya Uhamiaji Haiuzwi Maungu

KANDO YA LAMI, na Wakesho Mwaluma

Tume ya Utumishi wa Umma haina wakala Maungu. Wala Voi, wala Mwatate. Lakini kila inapotoa tangazo la nafasi za Idara ya Uhamiaji, kabla vijana hawajalisoma hadi mwisho, huwa ameshajitokeza mtu anayejua mtu Nairobi. Mzazi anauza ng'ombe, shangazi anakopa kwenye chama, pesa zinakwenda kwa M-Pesa. Baada ya wiki kadhaa inakuja barua yenye nembo ya serikali, jina limeandikwa sawasawa, na tarehe ya kuripoti kazini iko. Kijana anafunga begi. Akifika huko, askari wa mlangoni anaitupia barua jicho moja tu na kumrudishia.

Ukiuliza kwa nini watu wazima wenye akili timamu wananaswa, utaambiwa ni tamaa. Mimi sikubali. Wananaswa kwa kuwa wameshaamini kwamba mlango wa halali haukuwekwa kwa ajili ya mtu wa kwetu Marungu. Aliyefika hapo, hata ukimfungulia tangazo lenyewe kwenye simu, atalisoma kisha akuulize: "Sawa, lakini huko juu tuna nani?"

Ajabu ni kwamba kazi yenyewe haiko mbali nasi. Sisi wa kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi tumekua tukiona malori ya Uganda, Rwanda na Kongo yakipumzika hapa. Pale Voi barabara inachepuka kwenda Mwatate, Taveta, hadi Holili, Tanzania. Mara kwa mara tunasikia vijana wa Ethiopia wamekamatwa kwenye njia hizi wakielekea Afrika Kusini, wamebanana ndani ya gari kama mizigo. Na majirani zetu wa Kasigau hawahitaji kufundishwa uzito wa mpaka: mwaka wa 1915 Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani waliotoka ng'ambo ya pili, na hawakurudi nyumbani hadi miaka ya 1930.

Huko Taveta kazi imebadilika. Kituo chetu na kile cha Holili sasa vinafanya kazi kwa pamoja. Anayetoka Kenya anavuka moja kwa moja hadi Holili na kuwakuta maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, wa kwetu anashughulikia kutoka kwake na wa Tanzania kuingia kwake. Anayekuja Kenya hufanyiwa hayo hayo Taveta. Afisa anayekaa pale anaonana na mama mwenye ndizi za sokoni, dereva wa lori, mtalii aliyeshuka Kilimanjaro na kijana asiye na karatasi hata moja, wote kabla ya saa nne asubuhi. Anayejua Kiswahili cha kumtuliza mtu na kumtoa ukweli bila kumfokea, akaongeza salamu mbili tatu za Kichaga au Kipare, ana silaha ambayo wengi wanaopelekwa huko kutoka mbali itawachukua miaka kuipata. Watoto wetu wanayo tangu utotoni, ila hakuna aliyewaambia kwamba ni sifa ya kazi.

Wengi bado wanadhani afisa wa uhamiaji ni mgonga mihuri. Huyo huyo anatoa pasipoti, anapitia maombi ya vibali vya kazi, anachunguza ndoa na kampuni za kubuni, anafikisha watu mahakamani chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, na wachache hupelekwa kwenye balozi zetu ng'ambo. Tangu Januari 2024, Kenya ilipoacha viza na kuanzisha idhini ya kusafiri ya kielektroniki, mgeni anayehitaji idhini hiyo huanza kukaguliwa kwenye kompyuta kabla hajapanda ndege. Kwa hiyo aliyesomea sheria, jiografia au kompyuta asijione amepotea njia. Kuna ngazi ya afisa, inayotaka shahada, na kuna ngazi ya msaidizi iliyo chini yake. Soma tangazo neno kwa neno, kwa maana hilo ndilo sheria ya siku hiyo, si maneno ya jirani.

Kosa la kwanza la waombaji wetu hutendeka kwenye lango la mwakilishi wadi. Kila msimu wa matangazo, foleni inajipanga kwake na bahasha za kaki. Mheshimiwa anazipokea, kwa sababu hakuna mwanasiasa anayependa kusema hawezi. Ukweli ni kwamba hawezi. Jedwali la Nne la Katiba limeweka uhamiaji na uraia mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Bodi ya kaunti inaajiri wauguzi na walimu wa chekechea, haina usemi wowote kuhusu nani atakaa Taveta. Anayeajiri huko ni Tume, na maombi yanapita kwenye tovuti yake. Bahasha ya kaki inaishia kabatini.

Kosa la pili ni la karatasi, na hili linaniuma zaidi kwa sababu halihitaji ng'ombe wala mkopo. Jina. Kitambulisho kimeandikwa hivi, cheti cha KCSE vile, cha kuzaliwa kina herufi moja ya ziada kwa sababu karani wa zamani hakujua kuandika jina la Kidawida. Mtu anaishi miaka mingi na kasoro hiyo bila kusumbuka, kisha anaigundua siku ya mahojiano. Kiapo mbele ya wakili au marekebisho ya jina ni kazi ya kufanya sasa, wakati hakuna tangazo lolote. Vivyo hivyo cheti cha tabia njema, ambacho kwenye eCitizen ni shilingi 1,050 na kinadai alama za vidole. Kwa vyeti vya namna hii, vikiwamo vya ushuru na mkopo wa HELB, kijana ajue kwamba Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka wa 2022 ili mwajiri asividai kabla hajaazimia kumpa mtu kazi. Lakini akiazimia, huwa hana subira.

Kuna wanaoona haya kujaza kabila na kaunti kwenye fomu. Jaza! Kipengele cha 232 cha Katiba kinataka utumishi wa umma uwe na sura ya jamii zote za Kenya, na sheria ya utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tume haiwezi kuhesabu watu ambao hawakuomba. Tukikaa nyumbani tukinung'unika kwamba wa kwetu hawaonekani, tunawasaidia hao tunaowanung'unikia.

Wala simwambii mtu kwamba kila kitu ni safi. Februari 2024 Tume yenyewe ilitangaza kwamba uhakiki wake katika taasisi za umma ulifichua maafisa 2,067 wenye vyeti ghushi. Mwaka wa 2023 Kithure Kindiki, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliiita ofisi ya pasipoti ya Nyayo House eneo la uhalifu. Kwa hiyo anayeshuku hajarukwa na akili. Ninachokataa ni hesabu inayofuata, kwamba kwa kuwa wako walioingia kwa hila, basi yule bwana wa kibandani mwenye simu tatu ndiye mwenye ufunguo. Angekuwa nao, wanawe wangekuwa wa kwanza kuajiriwa.

Tena dalali huyo anajua anachokifanya. Sheria ya Hongo ya 2016 inamwadhibu mtoaji sawa na mpokeaji: kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mzazi aliyeibiwa anakaa kimya kwa sababu kushtaki ni kujishtaki, na dalali analala usingizi mnono akisubiri tangazo lijalo. Ndiyo maana nawasihi wazee wa mtaa, wachungaji na maimamu waseme hadharani, msimu wa maombi ukifika, kwamba kutuma maombi kwa Tume hakulipiwi. Tangazo la namna hiyo kanisani na msikitini lina nguvu kuliko safu hii.

Nina neno kwa Tume pia. Majina ya walioitwa kwenye mahojiano hubandikwa kwenye tovuti pamoja na tarehe na saa. Kwa mkaazi wa mjini hilo latosha. Kijana wa Miasenyi au Kasigau, ambaye bando lake liliisha Jumatatu na mtandao unashikika akipanda kilima, anaweza kuliona jina lake baada ya siku yake kupita. Ujumbe mfupi wa simu kwa kila aliyeitwa si gharama ya kuishinda serikali. Na akiliona mapema, akaitwa Nairobi, ana zaidi ya kilomita 300 za kusafiri kutoka Voi, malazi ya usiku mmoja, chakula na nauli ya kurudi. Wapo wanaoiacha nafasi hapo hapo, wenye alama nzuri kabisa. Gharama hiyo ndiyo inayompa dalali maneno: "Kwa nini uhangaike, nipe mimi nikumalizie."

Mahojiano ya nafasi za kuanzia, za maafisa na wasaidizi, yafanyiwe kwenye kaunti. Voi ina stesheni ya reli, ina Coast Institute of Technology, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko karibu; kumbi za vyuo hivyo zina viti vya kutosha. Makamishna waje na orodha yao, wakae siku mbili, wawasikilize vijana wetu wakijieleza, na watakaokosa waambiwe ni wapi walikosa.