Kadi ya matibabu bure pekee haimlindi mzee

SERA ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee mtu yeyote aliyefikisha umri wa miaka 60. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikasisitiza kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Kwenye karatasi, basi, suala hili lilikwisha siku nyingi. Kwa nini wazee wengi bado hufika hospitali wakati ugonjwa umekwishawalemaza?

Tuitazame Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya iliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda, inayohudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, imo katika jiji hilo hilo. Kwa kutazama ramani, mzee wa Ilomba ana bahati kuliko mwenzake wa milimani.

Lakini umbali wa mgonjwa haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa nauli ya bajaji, kwa saa za kukaa kwenye foleni, na kwa bei ya dawa anayoandikiwa akanunue dukani pale inapokosekana dirishani. Msamaha hufuta gharama ya kumwona daktari, lakini hizo nyingine humsubiri nje ya geti.

Mwaka 1971, daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi miongoni mwa wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri za tiba huelekea kuwa haba pale hasa zinapohitajika zaidi. Hoja hiyo inawagusa wazee wetu moja kwa moja.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kati ya mwaka 2009 na 2010 kwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulibaini kwamba takribani saba kati ya kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakujua kuwa wanalo, na waliokuwa wamelidhibiti walikuwa wachache mno.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Shinikizo la damu haliumi. Mzee asiyesikia maumivu hana sababu ya kupanga foleni, hata kama foleni hiyo ni ya bure. Siku mshipa unapopasuka au kuziba kichwani, akapooza, gharama huhamia kwa familia: binti huacha biashara yake sokoni ili amuuguze mama.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Katika nyumba nyingi bibi ndiye aliyebaki akilea wajukuu. Akianguka yeye, nyumba nzima imeanguka.

Je, bima itatibu tatizo hili? Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hatua hizo ni njema. Hata hivyo, mkulima na mama lishe hawana pensheni, na kadi haina nauli ndani yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa Sh 20,000 kwa mwezi wazee wote waliofikia miaka 70. Kiasi hicho cha kuanzia kilikuwa kidogo, lakini mzee hupata chake mkononi.

Kwa maoni ya safu hii, kinachohitajika kwanza ni huduma kumfuata mzee. Zahanati iwe na daftari la wazee wote wa mtaa, si wale tu waliokwisha kuugua. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawapime shinikizo la damu nyumbani, na mwenye hali iliyotulia apewe dawa za miezi kadhaa kwa pamoja badala ya kurudishwa foleni kila mara.

Halmashauri nazo zibadili kipimo chao. Kuhesabu vitambulisho vilivyogawiwa hakutueleza afya ya mtu. Zitangaze kila mwaka ni wazee wangapi wamepimwa, wangapi wanapata dawa bila kukatizwa, na wangapi shinikizo lao limeshuka.

Wahenga walisema palipo na wazee haliharibiki neno. Basi na tuhakikishe wazee wenyewe wapo, na wana afya ya kulisema neno hilo.