Ati Fundi Tu?

Kuna "tu" moja tunapenda kuibandika nyuma ya neno fundi. "Nani alijenga hapa?" "Ah, fundi tu." Hakuna anayesema daktari tu. Wakili tu? Thubutu.

Sasa angalia ukoo wa neno lenyewe. Fundi ametokana na kufunda, yaani kufundisha, pamoja na mafunzo na mwanafunzi. Mwari akifundwa na kungwi, kitenzi ni hicho hicho. Kwa hivyo fundi na mwanafunzi ni watoto wa nyumba moja, ila mmoja tunamfanyia harambee ya karo na mwingine tunabishana naye juu ya mia mbili. Wazulu wanao mzizi huo pia: umfundisi kwao ni mwalimu au mhubiri. Huko Afrika Kusini hata wanaoongea Kiingereza humwita bingwa wa jambo fundi. Halafu sisi, wenye Kiswahili, ndio tunaongeza "tu".

Na haikuwa hivi siku zote. Muhamadi Kijuma wa Lamu alichonga milango, akanakili tenzi, akatunga mashairi. Mkono ulikuwa ule ule.

Nenda mjengo wowote Nairobi uone shule ilipo. Mtu wa mkono anaanza na kubeba mchanga na kukoroga simiti. Siku moja anapewa mwiko, anaonyeshwa pima maji inasomwaje, timazi inaning'inizwa wapi. Baada ya miaka kadhaa naye ni fundi. Mwalimu wake alilipwa nini kwa somo hilo? Sufuri. Mhadhiri angegoma kitambo.

Najua utaniletea kesi ya fundi wa nguo aliyekuzungusha mpaka asubuhi ya harusi. Huyo ni mwongo. Madaktari waongo pia wapo, na bado hatujasema udaktari ni kazi ya waliofeli.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nina upande hapa, sifichi. Lakini sisemi vyeti vichomwe. Ghorofa likianguka, karatasi ya nani alisaini nini ina maana. Ninachouliza ni kwa nini fundi wa miaka ishirini aambiwe "leta cheti" na kampuni ambayo vijana wake wenye vyeti hutumwa kwake kwanza, wakaonyeshwe kazi.