Punda wa Lamu na Tabibu Wake

Mji wa Lamu, ambao vichochoro vyake ni vyembamba hata gari haliwezi kupenya, umejengwa kwa mgongo wa punda: mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga, vyote tangu dahari amevibeba yeye katika shogi, na ujira wake aghalabu ulikuwa fimbo. Kwa hiyo twakumbuka kwa shukrani kwamba mwaka 1987, kwa jitihada za Bibi Elisabeth Svendsen, Mwingereza aliyekwisha kuasisi makimbilio ya punda huko kwao Devon, ilifunguliwa mjini humo zahanati inayowatibu wanyama hawa bila ya malipo na kuwahifadhi walio wagonjwa na wakongwe.

Asubuhi moja tulimwona mchukuzi akimwingiza punda wake uani. Tabibu akaliinua tandiko lililogandamana na usaha, akaliosha jeraha taratibu, na ngozi ya mnyama ikawa yatetemeka.

Wenye punda, hasa wachukuzi wa mchanga, hawana udhuru: mlango u wazi, na dawa haina bei. Twawasihi wampeleke kabla kidonda hakijafika mfupani.