Kabambare: sashe na bidoni, plastiki mbili zenye maisha tofauti

Tarehe 30 Desemba 2017, waziri wa kwanza wa wakati ule, Bruno Tshibala, alitia saini amri inayokataza kutengeneza, kuingiza inchini, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungio vingine vya plastiki. Lakini mpaka leo, sokoni Kabambare, chumvi na karanga vinauzwa ndani ya sashe. Shida moja ni kwamba plastiki zote hazifai kuwekwa ndani ya kapu moja.

Ukigeuza chombo cha plastiki, mara nyingi utaona chini yake namba, toka 1 mpaka 7, katikati ya pembe tatu. Chupa ya maji ni namba 1. Bidoni ya njano ya mafuta ya mawese ni 2. Bomba gumu la maji ni 3. Sashe laini ya maji kwa kawaida ni 4. Mfuko wa mchele uliofumwa na beseni ni 5.

Karibu zote zinatoka kwa petroli na gazi. Kiwandani, petroli inapashwa moto mkali hadi kutoa gazi iitwayo etileni. Gazi hiyo ndiyo inageuzwa kuwa bidoni na sashe. Congo inachimba petroli kule Muanda, inaiuza ghafi, halafu sisi tunanunua plastiki toka inje.

Basi chanzo ni kimoja, lakini maisha si mamoja. Bidoni ina bei: inaoshwa, inauzwa tena, na ikipasuka inakatwa kuwa chombo kingine. Mfuko wa mchele unarudi shambani. Sashe inatumika dakika chache tu, na hakuna anayeiokota. Inaishia mtaroni, ao jikoni kuwashia makala, na moshi wake unaingia katika mapafu ya mama na watoto. Kuchoma namba 3 ni hatari zaidi: ina klorini, itokayo kwa chumvi, na ikiungua inaweza kutoa sumu ya dioksini.

Je, plastiki ya mimea ni dawa? Si kila moja. Brazil inatengeneza plastiki kwa miwa, lakini nayo haiozi, ni sawasawa na ile ya petroli. Indonesia wana mifuko ya wanga wa muhogo, inayoweza kuoza. Kabambare muhogo upo. Kiwanda ndicho hakuna.

Kwa sasa, serikali ingeanza na sashe peke yake, tena pale zinapoingia kwa wingi, kwenye bandari na mipaka ya mashariki. Kumnyang'anya mama sashe zake tano sokoni hakutasaidia kitu, ikiwa maroboto yanaendelea kupita. Nasi nyumbani tuanze na jambo lisilongoja amri: tusiwashe moto kwa plastiki.