Droo Inayokula Nguvu za Pikapu

Marekani na Kanada kuna nyumba ya safari isiyo na magurudumu yake wala injini. Ni kijumba kinachopandishwa kwenye bodi ya pikapu na kukazwa pembeni, chenye kitanda juu ya kichwa cha gari, jiko dogo, tangi la maji na mara nyingi choo. Mwenyewe akifika anakokwenda anaweza kukisimamisha kwa jeki zake nne, akaondoka na pikapu tupu kwenda dukani. Uzuri wake ni kwamba hupita karibu kila panapopita pikapu: njia ya msituni, mtaa mwembamba, maegesho ya kawaida. Tatizo lake ni ufinyu, na dawa inayouzwa kwa ufinyu huo ni droo. Sehemu ya ukuta, pamoja na meza, viti au jiko lake, husukumwa nje kwa mota gari likishasimama, kama mtu anavyovuta droo ya kabati, na safari ikianza tena hurudishwa ndani. Kampuni ya Newmar ilizileta droo hizi kwenye magari-nyumba mwaka 1990, na leo vijumba vingi vikubwa vya pikapu vina droo moja, vingine hata tatu. Naamini kwenye kijumba cha pikapu droo inachukua zaidi ya kile inachotoa, na sababu ya kwanza ni uzito.

Trela hubebwa na ekseli zake. Kijumba cha pikapu hakina ekseli, kila kilo yake inaikalia pikapu mgongoni, na kiasi ambacho pikapu inaruhusiwa kubeba kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo penye mlango wa dereva. Kiasi hicho ni pamoja na watu, mbwa, chakula na vifaa. Pikapu nyingi nyepesi za Kimarekani, zile wanazoziita za nusu tani, huruhusiwa kilo 700 hadi 900 hivi. Droo moja, ukihesabu reli, mota, fremu ya kuimarisha ukuta uliokatwa na sakafu ya pili, mara nyingi huongeza kilo mia mbili au zaidi kabla hata sahani moja haijapakiwa. Vijumba vikubwa vyenye droo mbili au tatu huvuka kilo 1,800 vikiwa vitupu. Tia lita 150 za maji, nazo ni kilo 150. Tia watu wawili, mitungi ya gesi, betri, nguo na vyakula, na sasa unakaribia kilo 2,300. Hapo hata pikapu nyingi za tani moja zenye tairi mbili tu nyuma zimeshazidiwa. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hivyo ndivyo uzito unavyosomwa kwenye vipeperushi vya mauzo: hutajwa uzito mkavu, yaani wa kijumba bila maji wala mizigo, mara nyingi bila kiyoyozi, turubai la kivuli wala betri za ziada. Anayetaka ukweli aende kwenye mizani za malori zilizopo kwenye vituo vya mafuta vya barabara kuu. Kwa ada ndogo utapewa karatasi inayoonyesha kila ekseli imebeba nini.

Hapa hutokea jibu la haraka: ongeza springi, weka mifuko ya hewa, nunua tairi ngumu zaidi. Vitu hivyo hupunguza kuyumba na kuinua mkia wa gari ulioinama, lakini havibadilishi kile kibandiko. Breki, ekseli na chasi hubaki vilevile. Tena uzito wa droo hukaa juu na upande mmoja, kwa hiyo kwenye kona au upepo wa ubavuni pikapu huulizwa swali gumu kuliko kilo peke yake zinavyoonyesha.

Sababu ya pili ni maji. Kijumba kisicho na droo ni sanduku. Chenye droo ni sanduku lililotobolewa tundu kubwa kuliko mlango, kisha likazibwa kwa mipira inayokunjwa na kukunjuliwa kila kituo. Mpira huo hukauka kwa jua, hushika mchanga, hugandishwa na barafu. Mvua ikipenya, huingia kwenye mbao za sakafu na kuzilainisha polepole, na mwenyewe hugundua wakati mguu unapobonyea. Kule kaskazini theluji hulala juu ya paa la droo, na ni lazima iondolewe kabla ya kuifunga. Penye mipira hiyo ndipo joto la ndani hutorokea pia. Kampuni mbili za jimbo la British Columbia, Kanada, Northern Lite ya Kelowna na Bigfoot ya Armstrong, hujenga vijumba vyao kwa maganda mawili ya faibaglasi yanayokutana kiunoni, bila droo. Wanaojenga katika nchi ya baridi wameamua kupunguza mianya, na uamuzi huo unanishawishi kuliko tangazo lolote.

Wanaozitetea droo wana hoja nzito moja, nami siidharau. Wazee wawili wanaoikimbia baridi na kukaa Arizona miezi minne hawawezi kupishana kiubavu kila asubuhi, na siku ya mvua nafasi hiyo ya ziada ni utulivu wa nyumba. Ni kweli. Pia mipira na mota za leo ni bora kuliko za zamani, na mota ikikwama, mifumo mingi ina namna ya kuirudisha droo kwa mkono. Lakini anayekaa mahali pamoja miezi minne hahitaji wepesi wa kijumba cha pikapu. Trela yenye droo ingempa nafasi zaidi, juu ya magurudumu yake yenyewe, na pikapu ikabaki huru. Anayehitaji kijumba ni yule wa kulala leo hapa kesho kule, na huyo ndiye anayesumbuliwa zaidi na droo: kila anaposimama hutafuta ardhi iliyo sawa, upande usio na mti wala gari la jirani, na katika maegesho ya mjini hawezi kuifungua kabisa. Akiiacha imefungwa, huenda asilifikie friji, au choo, au hata kitanda chake.

Kwenye maonyesho ya mauzo droo huwa wazi daima, taa zimewashwa, mito imepangwa. Mnunuzi na amwombe muuzaji aifunge, kisha aingie ndani na kujaribu kupika chai.